Mama anasema ana mgeni, sisi tunasema yuko vitani

Mama Mkubwa, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga. Ninakuandikia nikiwa kibarazani. Mama amelala ndani, au anajifanya amelala. Siku hizi siwezi tena kutofautisha.

Mama ana miaka 61. Ametulea kwa vitumbua, na mpaka leo wapo watu wazima mtaani wanaomwita kwa jina la vitumbua vyake. Miaka miwili iliyopita aligusa uvimbe kwenye titi la kushoto, akakaa nao miezi kadhaa bila kumwambia mtu. Tulipojua tukampeleka Dar es Salaam. Akapasuliwa, akawekewa dripu za kemo mizunguko sita, kisha akapigwa mionzi. Nywele zilikatika, kucha zikawa nyeusi, ulimi ukakosa ladha, mpaka mpishi yule akawa ananiuliza mimi kama chumvi imetosha.

Siku alipoanza kemo nilifungua kundi la WhatsApp la familia, nikaliita "Jeshi la Mama". Kaka yangu mkubwa, ambaye anafanya kazi Muscat, alifurahi sana, akatuma hela tukachapisha fulana. Siku ya dripu ya mwisho tulizivaa wote. Picha ninayo: mama yuko katikati, amekunja ngumi kama tulivyomwelekeza. Kundi lina watu ishirini na saba, na kila asubuhi lilikuwa linaamka na maneno hayo hayo. Pambana Mama. Komando wetu. Usimpe adui nafasi. Nakuapia, Mama Mkubwa, maneno yale yalinisaidia. Nilikuwa nikiyasoma ndipo napata nguvu ya kwenda kazini.

Mwezi wa pili mwaka huu mgongo ulianza kumuuma. Vipimo vikaonyesha saratani imefika kwenye mifupa ya uti wa mgongo. Daktari alituketisha, akatueleza taratibu kwamba sasa haiwezi kuondolewa yote, ila ziko dawa za kuipunguza kasi, na akatuandikia barua ya kwenda kwa watu wa tiba shufaa kwa ajili ya maumivu. Kaka aliposikia hilo la tiba shufaa alipiga simu usiku ule ule. "Hao ni watu wa kumsindikiza mgonjwa. Mama hajafika huko. Askari hatupi silaha." Barua ile ipo kwenye droo mpaka leo. Kule hospitali walituandikia na morfini ya maji, dawa kali ya maumivu, lakini kaka anasema tukianza hiyo tumenyoosha mikono, na mashangazi wanasema ndiyo dawa wanayopewa wa kufa. Mimi nikanyamaza.

Sasa yametokea mambo mawili yaliyonifanya nikuandikie.

La kwanza, mwezi uliopita alifariki mama mmoja wa mtaa wa pili, ambaye alikuwa na ugonjwa huo huo na walikuwa wanakwenda kliniki pamoja. Kwenye kundi mtu akaandika, "Amepigana lakini saratani imemshinda." Mama alikuwa ameshika simu yangu. Akasoma, akanirudishia, akauliza kwa upole tu: "Kwa hiyo mwenzangu alikuwa mzembe?" Sikuwa na jibu.

Jioni yake nikamwambia, ili kumtia moyo, kwamba yeye atashinda. Akasema: "Nyinyi mna vita vyenu, mwanangu. Mimi nina mgeni. Kaja bila hodi, na simpendi, lakini yumo ndani. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wangu nimempa jembe, hataki kulima." Akacheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia, "Mama, usimwite mgeni, ukimkaribisha atakaa." Akaacha kucheka, na tangu siku ile hazungumzi ugonjwa na mimi hata kidogo.

La pili, wiki iliyopita mama mdogo alikuja kulala kwetu. Asubuhi akaniita jikoni akaniambia mama halali. Anakaa kitandani tangu saa nane usiku, ameuma ncha ya kanga ili asitoe sauti. Alipomuuliza kwa nini hasemi, alijibu kwamba watoto wamempa ujeshi, na askari halii.

Nimelia sana, Mama Mkubwa. Lakini bado naogopa. Nikikubali maneno ya mgeni, si ndiyo nimekubali mama afe? Kaka ataniona msaliti. Nibadilishe jina la kundi? Nimlazimishe mama arudi kwenye mapambano, au nimwache? Na je, mgonjwa akiacha kupigana si ndiyo anakwenda haraka zaidi? Mimi ni Muislamu, najua maradhi ni mtihani kutoka kwa Mwenyezi Mungu. Nataka tufaulu mtihani huu. Sijui tu kufaulu kunafananaje.

Binti wa mama, Tanga

*

Marahaba, mwanangu. Pole, na mfikishie mama pole yangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nilisimama kwenye ile ncha ya kanga. Kabla ya kuwa mwandishi wa safu hii nilikuwa muuguzi, na wapo wagonjwa niliowaona wakifanya hivyo. Kwa hiyo nitaanza na hilo, kisha ndiyo tuje kwenye jina la kundi, maana hayo mawili hayalingani kwa haraka.

Mtu mwenye saratani kwenye uti wa mgongo, anayekosa usingizi kwa maumivu, anahitaji kuonekana na daktari wiki hii. Mpeleke, au piga simu kule mlikotibiwa. Na kama miguu itaanza kulegea au kufa ganzi, au akashindwa kuzuia haja au kukojoa kukawa kugumu, msisubiri hata kesho. Uvimbe unaweza kuwa unakandamiza neva za uti wa mgongo, na jambo hilo likiwahiwa mtu huweza kuokolewa asipooze. Muulizeni daktari pia kama mionzi michache mgongoni inaweza kumpunguzia maumivu, kwa sababu kwa mifupa mara nyingi husaidia. Barua iliyo kwenye droo itoe.

Sasa tuzungumze.

Kama nimekuelewa, unaniuliza kama mama amekata tamaa, na kama wewe ukimfuata kwenye neno lake utakuwa umemkatia tamaa. Mimi nasikia na jambo jingine chini yake. Nyumbani kwenu kuna lugha mbili za ugonjwa mmoja, na mwenye mwili ndiye mwenye sauti ndogo. Nyinyi ni ishirini na saba, yeye ni mmoja.

Nisikulaumu kwa neno "jeshi". Hukulitunga wewe. Sisi tuliokua miaka ya Mwalimu tulifundishwa tangu darasa la kwanza kwamba taifa lina maadui watatu, ujinga, umaskini na maradhi, na adui anapigwa vita. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilipopita redioni, watu walikaa kwa vikundi wakasikiliza, kisha wakainuka na majembe, wakachimba vyoo, wakafukia madimbwi ya mbu. Vita vile vilikuwa na maana: adui alikuwa nje, kwenye maji machafu na kwenye mbu, na wapiganaji walikuwa kijiji kizima. Aliyelala na homa hakuwa mpiganaji. Yeye ndiye aliyepiganiwa.

Hata kwa saratani lugha hii ina historia yake. Dawa za kwanza za kemo zilitokana na utafiti wa gesi ya haradali, silaha ya sumu, katika miaka ya 1940. Na Desemba 1971 Rais Nixon wa Marekani alipotia saini sheria ya kuongeza fedha za utafiti wa saratani, watu waliiita vita dhidi ya saratani, na jina hilo likaenea duniani. Kwa mtafiti na kwa serikali neno hilo linafaa. Linasukuma bajeti na linaamsha watu.

Lakini angalia linavyogeuka likiingia chumbani kwa mama. Saratani si mbu aliyetoka nje. Ni chembe za mwili wake mwenyewe zilizoacha kusikia amri ya kukoma kukua. Ukimwambia mtu huyo apigane, yeye ndiye askari, yeye ndiye uwanja, na adui ni nyama yake mwenyewe. Halafu kila vita vina mshindi na mshindwa. Ndiyo maana swali la mama lilikuwa sahihi kabisa. Kama aliyepona ameshinda kwa ujasiri, aliyekufa amepungukiwa nini? Yule jirani alikwenda kliniki zile zile, akatundikiwa dripu zile zile. Dawa ilifika mahali ikagota. Aliyeandika kwenye kundi hakukusudia ubaya, lakini mama alisoma hukumu, na hukumu hiyo inamsubiri na yeye.

Wazee wetu walikuwa na busara kwenye jambo hili. Unakumbuka matangazo ya vifo redioni? Yalisema fulani amefariki "baada ya kuugua kwa muda mrefu". Basi. Hakuna aliyeshindwa. Na lugha yenyewe, ukiisikiliza, haimpi mgonjwa kosa: tunasema "naumwa", yaani kuna kitu kinaniuma mimi. Malaria "imemshika". Hata saratani ni neno la Kiarabu lenye maana ya kaa, na Wagiriki wa kale nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa katika lugha yao. Wewe ni wa Tanga, umeona kaa wa mikokoni alivyo na gando lake. Aliyeshikwa na gando haulizwi kwa nini hapigani. Anaulizwa anaumia wapi.

Na kazi unayoifanya wewe ina jina lake la siku zote. Haiitwi kupigana. Inaitwa kuuguza.

Hata hivyo sitaki uniambie kesho kwamba Mama Mkubwa kapiga marufuku maneno ya vita. Wapo wagonjwa wanaoyapenda. Niliwahi kumuuguza bwana mmoja, mvuvi, aliyeiita kila dripu "risasi", akahesabu risasi zake kwa furaha mpaka ya mwisho, na ningemvunja moyo kama ningemkataza. Hata wewe yalikusaidia, umesema mwenyewe, na sioni haya yoyote hapo. Mtoto anayemuona mama yake anaisha anahitaji kitu cha kushika. Ninachokuomba ujiulize ni hiki: maneno yale yalikuwa ya nani? Inawezekana kwamba jeshi lilikuwa lako na la kaka yako, nanyi mlilihitaji, na mama akawavalia fulana kwa sababu anawapenda.

Mimi neno la ugonjwa nalipima kwa kitu kimoja: linamruhusu mgonjwa kusema nini? "Risasi" ilimruhusu yule mvuvi kusema anaogopa, kwa njia yake. "Komando" limemfunga mama yako mdomo kwa kanga.

Tuliyaona haya kwenye ukimwi, mwanangu, na wewe ulikuwa mdogo. Kule Kagera mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa cha magendo. Baadaye mijini watu wakasema fulani "amekanyaga waya". Fikiria neno hilo. Aliyekanyaga waya kajitakia, angetazama chini. Ndani ya neno moja kuna lawama nzima, na watu walijificha na ugonjwa wao mpaka ukawamaliza. Kisha lugha ikabadilishwa kidogo kidogo, na waliofanya kazi hiyo zaidi ni wagonjwa wenyewe. Tuliokuwa tukiwaita waathirika wakasema sisi ni watu tunaoishi na virusi. Na dawa zilipokuja tukaziita dawa za kufubaza, za kupunguza makali. Ninalipenda sana neno hili. Kisu bado kipo, hakuna anayedanganya kwamba kimetupwa baharini, lakini makali yamepunguzwa na mtu anapika, analea, anazeeka. Hakuna askari hapo na hakuna mshindwa. Pengine dawa anazoelezwa mama sasa, za kuipunguza kasi saratani, zinaeleweka vizuri zaidi kwa picha hiyo kuliko kwa picha ya vita. Ingawa lazima niseme wazi, matokeo hayafanani: virusi vikifubazwa mtu huishi miaka mingi sana, na saratani iliyofika kwenye mifupa haitoi ahadi hiyo.

Tuje kwa huyo mgeni.

Umeogopa kwamba kumwita mgeni ni kumkaribisha. Naelewa. Lakini soma tena maneno ya mama: kaja bila hodi, simpendi, yumo ndani, nimempa jembe hataki kulima. Mimi sisikii mtu aliyesalimu amri hapo. Namsikia mwenye nyumba. Anajua aliyeingia ni nani, anajua haondoki kwa kupigiwa kelele, na bado nyumba ni yake. Tena alikuwa anacheka. Mtu wa miaka 61 aliyetafuta picha yake mwenyewe ya kuubeba ugonjwa, akaipata kwenye methali aliyoisikia tangu utotoni, akakuletea wewe uione, na wewe ukaogopa. Si kosa, ni hofu. Lakini mlango ulifungika hapo, na nadhani unaweza kufunguka hapo hapo.

Mgeni naye ana hatari zake, nisikufiche. Mgeni kwa desturi zetu hasemwi. Anastahimiliwa, anapewa kitanda, mwenye nyumba analala chini na asubuhi anasema amelala vizuri. Mama anaweza kuficha maumivu kwa heshima ya mgeni kama alivyoyaficha kwa heshima ya jeshi. Na kumbuka aliuficha uvimbe wa kwanza miezi kadhaa kabla hujafungua kundi lolote. Mgeni pia huondoka mwenyewe siku moja, na huyu haelekei. Picha laini inaweza kumchelewesha mtu. Tazama degedege. Watu waliona mtoto anatetemeka, wakasema ni ndege mkubwa kampitia, basi wakampeleka kwa mganga, kumbe ni malaria imepanda kichwani na kila saa ilikuwa na thamani. Kwa hiyo sikuambii picha ya mama ni ya kweli na yenu ni ya uongo. Zote mbili ni njia za kusema jambo ambalo halisemeki moja kwa moja.

Ila picha ya mama ina faida moja: unaweza kuingia ndani yake na kumuuliza maswali. Si mbele ya watu. Usiku, mkiwa wawili, labda unamkanda miguu. "Mama, mgeni wako amekaa wapi leo?" "Anakuamsha saa ngapi?" "Anataka nini ambacho hukitaki?" "Na wewe mwenye nyumba unataka nini?" Halafu nyamaza. Kaa muda mrefu kuliko unavyodhani inafaa. Kama atajibu kwamba hataki kuzungumza, mwambie utauliza tena kesho, na kesho uulize. Hatari ya njia hii ni kwamba unaweza kusikia kitu ambacho hukutaka kusikia. Anaweza kusema amechoka na safari za basi kwenda Dar. Anaweza kusema kinyume chake, kwamba anataka dawa mpya zote, mpaka tone la mwisho. Hata mimi sijui atasema nini, na ndiyo maana siwezi kukuambia umlazimishe au umwache. Hatujamuuliza bado.

Kuhusu kwenda haraka zaidi. Hofu hii inawasumbua wengi, kwamba mgonjwa akiacha "kupigana" moyoni atakufa upesi. Katika miaka yangu ya wodini niliwaona wapambanaji hodari wakiondoka mapema, na wapole walionyamaza wakaishi miaka. Moyo mtulivu unasaidia mtu kula, kulala na kumeza dawa, na hayo ni makubwa. Lakini saratani haisomi ujumbe wa WhatsApp, na mama asibebeshwe mzigo kwamba uhai wake unategemea ari yake.

Tiba shufaa na morfini. Hapa naomba uwe mwalimu kwa familia yako. Tiba shufaa si chumba cha kungojea kifo. Inaweza kwenda sambamba na dawa za kupunguza kasi ya saratani, na mara nyingi ni vizuri ianze mapema. Morfini ipo kwenye ngazi ya dawa za maumivu ya saratani ambayo Shirika la Afya Duniani liliitoa tangu mwaka 1986. Ile ya maji hunywewa kwa saa, kwa kawaida kila baada ya saa nne, bila kusubiri maumivu yapande. Siku za mwanzo huleta usingizi, kisha mwili huzoea. Hufunga choo, kwa hiyo ombeni na dawa ya kulainisha choo. Ikitumiwa kwa kipimo cha daktari haimharakishi mtu kwenda, na hofu ya uraibu, kwa mgonjwa wa saratani mwenye maumivu kama haya, isiwazuie. Jirani zetu wa Uganda wameitumia majumbani tangu hospisi ya Kampala, yaani kituo cha tiba shufaa, ilipoanzishwa na Daktari Anne Merriman mwaka 1993, na wagonjwa wengi wamerudi kupika na kwenda sokoni kwa sababu waliweza kulala. Mkienda, ulizeni: dawa hii mpya lengo lake nini, kuongeza muda au kupunguza maumivu, au vyote? Itamchosha vipi? Tusipoitumia itakuwaje? Na mama awepo, ajibiwe yeye.

Sasa kaka. Usimuone kikwazo tu. Yuko ng'ambo ya bahari, hamuoni mama akigeuka kitandani, na kitu pekee alichonacho ni hela na sauti. Kwa mtu aliye mbali, "pambana" ndiyo namna ya kuwepo. Ukimwambia kwamba neno lake limemuumiza mama, anaweza kusikia kwamba upendo wake umemuumiza. Kwa hiyo fikiria njia. Unaweza kumpigia wewe na kumsimulia yale ya usiku bila kumtuhumu: saa nane, kitandani, kanga. Mimi ningeanza hapo, ingawa atalia na huenda akakasirika kwanza. Unaweza kumwomba mama mdogo azungumze naye, maana yeye ndiye aliyeona kwa macho, na mama mdogo ana nafasi ya kumkanya ambayo wewe huna. Lakini hapo kaka anaweza kuhisi mmemzunguka. Au mama mwenyewe amtumie ujumbe wa sauti, akipenda. Na kama kaka anahitaji kupigana, mpe vita halisi: atafute nafasi ya daktari, afuatilie dawa, alipie gari ndogo ili mama asisafiri kwa basi na mgongo ule. Hayo ni mapambano, na wa kupigana ni yeye, kama kile kijiji cha majembe.

Jina la kundi liko mikononi mwa mama kuliko mikononi mwako. Ukilibadilisha ghafla, nusu ya watu watadhani umetangaza msiba. Ukiliacha, kila asubuhi litaendelea kumpa cheo asichokitaka. Kuna njia ya katikati: acha jina kwa sasa, lakini anza wewe kuandika tofauti. "Mama leo kala uji, mgongo unamuuma, anawasalimu." Watu hufuata anayeanza. Hata hivyo muulize. Inawezekana anaipenda ile picha ya fulana, na kilichomchosha ni ile ngumi tu.

Nimalizie na mtihani, kwa sababu umeuweka mwisho wa barua na nadhani ndio mzigo mzito. Mimi nami nimelelewa na neno hili, na linatufariji: maradhi hayaji bure, na tumefundishwa kwamba humpukutisha muumini dhambi kama mti unavyopukutisha majani. Lakini wewe ni mwalimu, na sijui kama unausikia mtihani kwa sikio la darasani, wenye maksi, wenye kufaulu na kufeli, ambapo anayelia ameondolewa alama. Nabii Ayyub, ambaye ndiye kielelezo chetu cha subira, alimlalamikia Mola wake kwamba madhara yamempata. Alisema. Na hakuondolewa kwenye subira kwa kusema. Mama akijua hilo labda ataiachia ile kanga. Sijui kama ni wewe wa kumwambia, au imamu wenu, au mama mdogo. Wewe unawajua.

Usiku wa leo usianze na chochote kikubwa. Mpelekee chai, kaa pembeni ya kitanda, umwombe radhi kwa kutocheka siku ile. Kisha muulize huyo mgeni amelikataa jembe kwa maneno gani. Ukishajua, niandikie, ningependa sana kusikia mama amejibu nini.

Mama Mkubwa